Nani Atashika Kamba?



Jumapili moja ya mwezi wa Oktoba 2025, baada ya Misa ya pili, vijana kumi na wanne wa parokia yetu hapa Bunia walinizunguka chini ya mwembe, wakiwa na simu moja mkononi. Katika simu hiyo mlikuwa na picha ya msichana aliyening'inia kwa ncha za vidole kwenye ukuta mrefu wa mawe meupe, na chini yake, mbali mno, mto mwembamba wenye maji ya kijani. Waliniambia kwamba hapo ni katika makorongo ya Verdon, kusini mwa Ufaransa, ambako mto umeukata mwamba wa chokaa hata kufikia kina cha mita 700 hivi, na kwamba watu hutoka pande zote za dunia kwenda kuzikwea kuta zake. Wakanionyesha pia korongo la Todra, nchini Moroko, ili nisije nikasema kwamba mambo hayo ni ya Wazungu peke yao.

Kisha yule aliyeshika simu, binti anayesomea ualimu kama nilivyosomea mimi zamani, akasema: "Mwalimu, sisi pia tunayo mawe ya chokaa. Tuna Hoyo."

Sababu yao ilikuwa njema. Tarehe 7 Septemba, mjini Roma, Papa Leo XIV alikuwa amemtangaza Pier Giorgio Frassati kuwa Mtakatifu, siku moja na Carlo Acutis. Frassati alikuwa kijana mlei, mpanda milima, na vijana wetu walitaka kumheshimu kwa namna aliyoipenda mwenyewe. Mimi niliombwa mambo mawili: kuchagua mahali na siku, na kumwandikia paroko barua ya kuomba ruhusa. Barua hiyo sikuiandika. Nataka kueleza kwa nini, kwa maana siku ile niliwajibu kwa maneno machache, na maneno machache ya mzee huonekana mara nyingi kuwa ni woga tu.

Hoyo naijua. Mlima huo upo katika eneo la Irumu, kusini mwa Komanda, upande wa barabara iendayo Beni. Ni mlima wa chokaa uliofunikwa na msitu, na chokaa ni jiwe lenye tabia yake. Maji ya mvua, yapitapo hewani na katika udongo, huchukua hewa ya ukaa na kuwa na uchachu mdogo sana. Uchachu huo, tone kwa tone, huliyeyusha jiwe. Kazi hiyo ya maelfu na maelfu ya miaka huacha mapango, makorongo, nguzo za mawe zilizosimama sakafuni na nyingine zinazoning'inia darini kama meno. Hiyo hiyo ndiyo inayotoboa vishimo vidogo katika ukuta, vinavyotosha kidole kimoja au viwili, na kwa ajili ya vishimo hivyo wakweaji wa dunia nzima hulipenda jiwe la chokaa kuliko mawe mengine mengi. Katika pango la Matupi, hapo Hoyo, mwanaakiolojia Mbelgiji Francis Van Noten alichimba katika miaka ya 1970 na kupata zana ndogondogo za mawe zilizotengenezwa na watu walioishi humo makumi ya maelfu ya miaka iliyopita. Yapo pia maporomoko ambayo wageni wa zamani waliyaita Ngazi za Venus, maji yakishuka daraja baada ya daraja. Mimi niliyaona nikiwa na umri wa miaka kumi na minane, wakati nchi yetu ikiitwa Zaire, na mpaka leo nikifumba macho nasikia sauti yake.

Ilikuwa mwaka 1988. Darasa letu la ualimu lilisafiri kwa lori, tukiimba njia nzima, wasichana mbele na wavulana nyuma juu ya magunia. Aliyetuongoza alikuwa mtu mwema, na simlaumu hapa. Alijua historia, alijua majina ya miti, ila hakujua mvua ya mahali pale, na hakumwuliza anayeijua. Tulipofika, wazee wawili wa Kimbuti walikuwa wamekaa kando ya njia. Tuliwasalimu, tukapita. Nakumbuka mmoja wao alinyosha mkono kuelekea juu ya mlima, na sisi tukadhani anatuaga.

Mchana, mimi na rafiki yangu tulijitenga na wenzetu, tukaingia katika mfereji mwembamba uliochongwa na maji kati ya kuta mbili. Sitajificha nyuma ya neno "ujana". Tulitaka kuonekana. Ng'ambo ya mfereji walikuwapo wasichana watatu wakifua miguu yao majini, na mimi ndiye niliyesema: "Twende juu." Hatukuwa na kamba wala hatukujua kwamba kuna watu wanaotumia kamba. Tulipanda kwa urefu wa nyumba mbili zilizowekwa moja juu ya nyingine, kwa urahisi wa kushangaza, kwani jiwe lilikuwa kavu na lenye mashimo mazuri. Mwamba wa chokaa hukukaribisha namna hiyo. Kisha maji yakaanza kutiririka juu ya ukuta. Kwetu hapakuwa na tone la mvua. Ilikuwa imenyesha juu, huko alikonyoshea mkono yule mzee. Jiwe lililokuwa kavu likawa kama sabuni. Mimi nilikuwa nimeshafika penye ukingo. Rafiki yangu alikuwa chini yangu, akaniambia, "Nipe mkono." Nilimpa, lakini nilikuwa nimekaa vibaya na sikuwa na kitu cha kujishikiza. Nikaona kwamba nikimvuta tutaanguka wote wawili. Nikauachia.

Alivunjika paja. Waliombeba hadi barabarani ni wale wale tuliowapita bila kuwasikiliza, kwa machela ya fito na kamba za miti, usiku, na lori lilikuwa limekwisha kuondoka kutafuta mafuta. Alifika hospitali siku ya pili. Leo ana wajukuu, na kila Jumapili namsikia akiingia kanisani kabla sijamwona, kwa maana mguu mmoja hugonga sakafu na mwingine huburuza.

Nimefundisha Katekisimu miaka mingi, na habari hii sikuwahi kuiandika. Kwa mdomo nilikuwa nikisema: "Aliteleza." Neno hilo ni la kweli, lakini si ukweli wote.

Kwa hiyo vijana walipotaja Hoyo, sikukataa papo hapo. Niliomba majuma mawili, nikafanya nilichofundishwa kufanya kabla ya kusimama mbele ya darasa: nikasoma. Nilitaka kujua wale wanaofanya mchezo huu kwa akili huchaguaje mahali. Nilidhani watasema: penye urefu, penye sifa, penye picha nzuri. Hayo wanayasema, lakini baadaye. Mchezo wenyewe sasa umo katika Olimpiki, tangu ile ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, na una utaratibu wake. Njia ya kupandia hutayarishwa kwanza: mtu hutoboa mwamba na kukaza vyuma imara kila baada ya hatua fulani, na mkweaji hupitisha kamba yake humo kadiri anavyopanda, ili akianguka aanguke kidogo tu. Basi swali lao la kwanza huwa ni kuhusu vyuma: nani aliviweka, lini, na vina hali gani? Katika kuta za chokaa zilizo kando ya bahari huko Thailand, vyuma vilivyoonekana vizima kwa nje vilikatika, kwa kuwa chumvi na jiwe vilikuwa vimevila kwa ndani. Ikabidi kuweka vya titani. Kisha huuliza kuhusu jua na mvua: ukuta hupata kivuli saa ngapi, maji ya juu hushukia wapi. Huuliza kama mwenye ardhi ameruhusu. Huuliza kama kuna ndege wenye viota mwambani. Wakiwapo, njia hufungwa mpaka makinda yaruke. Huuliza hospitali iko umbali gani na njia ya kumtolea majeruhi ni ipi. Na kabla ya hayo yote huuliza jambo ambalo mtazamaji wa picha halioni, kwa sababu halimo katika picha: chini ya yule msichana wa Verdon yupo mtu amesimama, macho juu, akishika mwisho wa pili wa kamba. Bila huyo, vyuma vyote ni bure.

Nilisoma sentensi kama hiyo nikasimama, nikaenda nje kidogo.

Nilisoma pia mambo ya karibu nasi zaidi. Huko Kenya, karibu na Ziwa Naivasha, kuna korongo la Hell's Gate. Mawe yake ni ya volkano, si ya chokaa, lakini maji hayachagui jiwe. Mwezi wa Aprili 2012 kikundi cha vijana wa kanisa moja la Nairobi kilikwenda kutembea humo. Mvua ilinyesha mbali kidogo, maji yakaja kwa ghafla kati ya kuta, na vijana saba wakafa. Walikuwa vijana kama ninyi, wametoka katika kikundi cha sala kama chenu, na bila shaka waliimba njiani kama tulivyoimba sisi. Mwaka 2019 korongo hilo hilo liliua tena kwa namna hiyo hiyo. Niliposoma habari hizo niliona tena mkono wa yule mzee wa Kimbuti.

Na mapango nayo yana wenyeji wake. Kati ya mwaka 1998 na 2000, huko Durba, katika eneo la Watsa, ugonjwa wa Marburg uliwapata wachimbaji wa dhahabu walioingia katika machimbo yenye popo wengi. Waliougua walikuwa 154, waliokufa 128. Mtu wa Ituri hahitaji kuelezwa zaidi. Sisi tuliopita katika Ebola ya mwaka 2018 hadi 2020, tuliosalimiana kwa viwiko mlangoni mwa kanisa, tunajua maana ya tarakimu kama hizo. Kwa hiyo kijana akiniambia kwamba ataingia pangoni na mwenge wa simu kwa sababu ni pazuri, namwuliza kwanza nani anaishi humo.

Mpaka hapo ningeweza kuandika barua yenye masharti: tusubiri Januari au Februari, mvua ipungue, tutafute kiongozi wa mahali, tusiingie mapangoni, tusikwee ukuta wowote bila kamba na mtu anayeijua. Hayo yote yanawezekana. Jambo lililonizuia si jiwe.

Kwenda Hoyo ni kupita Komanda. Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 27 Julai 2025, katika parokia ya Mwenyeheri Anuarite ya Komanda, waamini walikuwa wamekesha katika sala, na kati yao watoto na vijana wa Krusedi ya Ekaristi. Wauaji waliingia usiku. Waliokufa ni zaidi ya 40, na watoto wamo. Wengine walichukuliwa msituni. Sitaongeza neno juu ya hayo, kwa sababu miongoni mwenu wamo waliozika ndugu zao pale, na wao ndio wenye haki ya kuongea au kunyamaza.

Nilirudi kwa vijana baada ya majuma mawili, nikawaambia hapana. Nikataja barabara, nikataja Komanda, nikataka kufunga kikao kwa sala. Ndipo yule binti mwanafunzi wa ualimu akasimama. Aliongea kwa adabu, mikono nyuma, lakini hakuinamisha macho.

"Mwalimu, wale wa Komanda hawakupanda mwamba. Walikuwa kanisani. Walikuwa mahali ambapo wazazi wote hutuambia: nendeni pale, ni salama. Tukiogopa kila mahali tutaishi wapi?"

Ningependa kuandika kwamba nilimjibu vizuri. Nilimwambia akae chini. Ni jibu la mwalimu aliyeshindwa, na wote walilielewa hivyo. Tulisali, tukaachana, na kwa juma zima nilibeba swali lake kama jiwe ndani ya kiatu.

Lilinisumbua kwa kuwa lilikuwa na ukweli. Katika Ituri ya leo hakuna anayeweza kuchora duara juu ya ramani na kusema: humu ndani hamtaguswa. Tunaishi chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021. Vijana wetu wamekua wakiambiwa usiende, usipite, usichelewe, na mtu aliyelishwa "usi" peke yake hatimaye hawezi hata kusimama wima. Nimewaona vijana waliokatazwa kila kitu kizuri wakaenda kutafuta ujasiri mahali pengine, kwa wale wanaogawa bunduki. Hao nao hutoa mwaliko wa kupanda juu, na huko juu hapana mtu anayeshika kamba. Basi "hapana" yangu, kama ingebaki peke yake, ingekuwa na hatari yake pia, tena si ndogo.

Lakini swali la binti lilikuwa na upande wa pili ambao yeye hakuuona, na mimi niliuona polepole. Watoto wa Komanda hawakuchagua hatari, hatari iliwafuata. Aliyekufa akisali hakufanya kosa la kuchagua mahali. Mimi kule Hoyo nilichagua, tena nilimchagulia na mwenzangu. Mambo hayo mawili hayako katika mizani moja, na tukiyachanganya tutamkosea heshima marehemu na tutampa mzembe kisingizio. Mwokozi wetu mwenyewe alipopelekwa juu ya kinara cha hekalu na kuambiwa ajitupe, kwa kuwa malaika wangemdaka, alikataa. Yeye huyo huyo, siku yake ilipofika, alipanda Yerusalemu akijua yanayomngoja. Hakuwa mwoga siku ya kwanza na shujaa siku ya pili. Kanisa linapotufundisha fadhila nne kuu huiweka busara mbele ya ushujaa. Nilipokuwa kijana nilifikiri ni mpango wa wazee wanaopenda kukaa. Sasa nadhani ni kwa sababu ushujaa usiojua unamtumikia nani huwa tayari kumtumikia yeyote.

Hapo nikamrudia Frassati, ambaye kwa kweli nilikuwa nimemsahau katika hesabu zangu za mvua na popo. Alizaliwa Torino mwaka 1901, mtoto wa tajiri mwenye gazeti. Angeweza kusoma lolote. Akachagua uhandisi wa migodi, kwa nia ya kuwa karibu na wachimbaji. Ninyi mlio na kaka na baba zenu katika mashimo ya dhahabu ya Mongbwalu, lisomeni tena jambo hilo. Alikuwa mwanachama wa chama cha wapanda milima cha Italia. Alipenda miamba kwa moyo wote, na hakuwa wa kwanza katika Kanisa: Papa Pio XI, alipokuwa bado padri Achille Ratti, mwaka 1889 aliipanda Monte Rosa kwa upande wa mashariki na kulala usiku juu ya mwamba kwenye baridi kali, na akiwa Papa, mwaka 1923, alimweka Mtakatifu Bernardo wa Menthon kuwa msimamizi wa wapanda milima. Kwa hiyo asiwepo mzee wa parokia atakayewaambia kwamba kukwea ni mchezo wa wapagani.

Tarehe 7 Juni 1925 Frassati alipanda mwamba mara ya mwisho, katika bonde la Lanzo. Ipo picha yake ukutani siku ile, na juu yake aliandika kwa mkono wake maneno ya Kiitaliano yenye maana ya kuelekea juu. Picha hiyo mmeiona. Mmeichapa kwenye fulana. Lakini tarehe 4 Julai, kabla mwezi haujaisha, alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa polio, akiwa na miaka ishirini na minne, na wengi wanaamini aliupata kwa maskini aliowatembelea vyumbani mwao. Mwamba haukumwua. Mwambani alikuwa na kamba na wenzake. Mahali alipojitoa bila kamba ni penye vitanda vya wagonjwa, na hata akiwa amepooza, mkono ukitetemeka, aliandika karatasi ya kukumbusha dawa ya mtu mmoja maskini ipelekwe. Kuna hatari aliyoipima na hatari aliyoipokea, na alijua kuzitofautisha.

Niliwaita vijana tena. Kwanza nilimwomba yule binti msamaha mbele ya wote kwa kumkalisha. Kisha nikasema jambo nililopaswa kusema mwanzoni: kwamba mwaka 1988 niliuachia mkono wa rafiki yangu. Hakuna aliyecheka wala kuuliza. Nikawaambia kwamba Hoyo hatuendi mwaka huu, na kwamba sisemi "kamwe". Tuliandika kwenye karatasi yale ambayo lazima yawepo kabla ya siku hiyo: barabara ya Komanda ipitike hata kwa mama mwenye mtoto mgongoni, wenyeji wa Hoyo waulizwe na wakubali, Wambuti wakiwemo, mwezi uwe wa kiangazi, awepo mtu aliyejifunza kamba kwa kweli. Na sisi wenyewe tuwe tumejifunza kumshika mwenzetu. Hilo la mwisho, binti alisema, halihitaji kungoja barabara.

Basi tukaanza. Nyuma ya parokia kuna ukingo wa udongo mgumu na mawe, haufiki urefu wa watu wawili. Kijana mmoja alileta kamba ya nailoni ambayo baba yake hufungia magunia ya makaa kwenye lori, na hapo nilipata nafasi ya kufundisha fizikia kidogo: kamba ya kukwea hutengenezwa ivutike, ili impokee anayeanguka kama mkono wa mama, lakini kamba ya magunia haikutengenezwa kwa kazi hiyo, nayo inaweza kumwumiza mtu kiuno. Kwa hiyo hatukuitumia kumning'iniza mtu. Tulijifunza fundo lenye umbo la nane. Tulijifunza kusimama chini na kutazama juu dakika kumi bila kugeuza macho, na hilo liliwashinda wengi. Wavulana wawili hodari kuliko wote katika mpira walikuwa wabaya kuliko wote katika kushika, kwa sababu simu ililia. Msichana mmoja mpole ambaye sijawahi kusikia sauti yake katika mwaka mzima wa mafundisho ndiye aliyekuja kuwa mshikaji bora. Alikuwa akimwambia aliye juu, kwa sauti ya chini sana: "Nipo. Nipo. Nipo."

Jumamosi ya tatu nilimwalika rafiki yangu. Niliogopa kumwalika; kwa miaka yote hiyo tulikuwa tumeongea juu ya watoto, mihogo, bei ya mabati, na kamwe si juu ya mfereji ule. Alikuja kwa mguu wake, akakaa juu ya jiwe, akawatazama vijana wakifunga na kufungua mafundo. Nilipomaliza kueleza habari yetu mbele yake, aliguna.

"Huyu Mwalimu wenu anahesabu vibaya," akasema. "Asingeuachia mkono, tungezikwa wawili. Hilo nilimsamehe siku ile ile, kabla sijafika chini." Vijana walicheka, kisha wakanyamaza. "Mimi nina deni lingine naye. Mzee yule alitunyoshea mkono. Nilimwona. Nilitaka kusimama nimwulize anasema nini, na huyu akaniambia tutachelewa."

Sikuwa nimekumbuka hivyo. Katika kumbukumbu yangu sote wawili tulidhani mzee anatuaga. Sasa sijui. Lakini rafiki yangu hana sababu ya kusema uongo, na mimi ninayo.

Kabla ya kuondoka aliomba aonyeshwe lile fundo. Yule binti akamfundisha, mara ya kwanza, ya pili, hata ya tano, vidole vyake vikiwa vizito. Alipolipata alilivuta kwa nguvu akaridhika, akamwuliza binti kama karatasi ya safari ya Hoyo bado ina nafasi. Binti akasema ipo. Akamwambia aandike jina lake, na pembeni aandike kwamba yeye atahitaji pikipiki mpaka penye kivuko cha kijito, kwa ajili ya mguu.